Chai Baridi ya Nyumbani: Barafu Ikae Nje ya Chupa



Joto la Uvira mwezi huu halihitaji maelezo. Saa sita mchana mabati yanawaka, watoto wanatoka shuleni koo zimekauka, na franka ya kwanza wanayoshika inaishia kwenye sukre au kwenye ile barafu ya rangi inayouzwa katika vifuko vidogo karibu na lango la shule. Mama naye akipata wageni wa Jumapili anaanza kuwaza kreti ya sukre, na kreti moja inaweza kumeza pesa ya mboga ya siku kadhaa.

Na chai tunayo. Inalimwa katika milima ya Kivu hii hii. Ukipanda kuelekea Walungu na Kabare unakutana na mashamba yake ya kijani kando ya barabara. Ndimu ziko sokoni, tangawizi iko, nanasi liko, na mchaichai unaota nyuma ya nyumba bila mtu kuupalilia. Kilichobaki ni mazoea tu. Kwetu chai ni kitu cha asubuhi, cha moto, pamoja na mkate au mandazi. Wengine wameshazoea vingine: katika majimbo ya kusini ya Marekani chai baridi inakaa mezani kila mlo. Watu husimulia kwamba ilipata sifa kwenye maonyesho makubwa ya Saint Louis mwaka 1904, lakini vitabu vya mapishi vya huko vilikuwa vinaieleza tangu miaka ya 1870. Si siri ya kiwanda. Ni kazi ya sufuria, chujio na subira.

Lakini kuna jambo moja ambalo lazima tulijue kabla ya kuwasha mbabula, na ndilo lililonifanya niandike habari hii.

Baridi haiui vijidudu

Nilipotaja chai baridi kwenye kikao chetu, mama mmoja aliuliza: “Madamu, maji yakisha kuwa barafu, si vijidudu vyote vimekufa?” Wengi walitikisa kichwa kukubali. Jibu ni hapana. Kijidudu cha kipindupindu kinaweza kukaa ndani ya barafu na kubaki hai. Barafu ikiyeyuka katika glasi, kinaamka na kuendelea na kazi yake. Moto ndio unaoua. Baridi inalaza tu.

Sisi wa kando ya Tanganyika tunakijua kipindupindu si kwa kusoma. Kinarudi mara kwa mara, hasa bomba linapokauka na watu wanapoteremka na mabido ziwani. Chai ya moto imetulinda bila sisi kufikiri, kwa sababu maji yake yamechemka na tunayanywa yakiwa bado moto. Chai baridi haina ulinzi huo mpaka mwisho. Maji yanachemka vizuri, kisha chai inakaa masaa ikipoa. Na katika masaa hayo kunaingia mkono usionawa, kikombe kilichochovywa, nzi, au kipande cha barafu cha kununua ambacho hujui maji yake yalitoka wapi. Kazi yote ya moto inaharibika kwa tendo dogo la mwisho.

Kwa hiyo tushike kanuni moja, na watoto waikariri kama jedwali la kuzidisha: barafu ikae nje ya chupa. Kama umenunua barafu, iweke katika beseni, zamisha chupa iliyofungwa ndani yake, subiri dakika 30 hivi, kisha pangusa chupa kwa kitambaa safi na umimine. Chai itakuwa baridi bila kuguswa na barafu. Barafu ya kuweka ndani ya glasi ni ile tu uliyotengeneza mwenyewe kwa maji yaliyochemka, katika chombo chenye kifuniko.

Maji kwanza

Maji yakiwa na tope, yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Halafu yachemshe. Mapovu madogo ya pembeni hayatoshi. Subiri maji yote yageuke kwa nguvu, kisha hesabu dakika 1 kamili. Dada zetu walio kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000, wahesabu dakika 3, kwa sababu kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka yakiwa na joto pungufu.

Kuna wanaoweka majani ya chai katika maji baridi na kuyaacha juani mchana kutwa. Sisi tusifanye hivyo. Maji ya vuguvugu ni kitanda kizuri cha vijidudu.

Chupa na mabido uyaoshe kwa maji ya moto na sabuni, na kifuniko pia, maana uchafu unapenda kujificha kwenye nyuzi za kifuniko. Chombo chenye mdomo mwembamba au chenye robineti ni bora kuliko ndoo, kwa sababu hakuna mkono unaoweza kuingia. Chai inamiminwa, haichotwi kwa kikombe.

Chai ya msingi, litri 1

Utahitaji maji litri 1, majani ya chai vijiko vidogo 3 vilivyosawazishwa, na sukari vijiko vikubwa 3 vilivyosawazishwa.

Maji yakisha chemka, ondoa sufuria kwenye moto ndipo utie majani. Funika. Hesabu dakika 4, zisizidi 5, kisha chuja. Usiyachemshe majani pamoja na maji kama tunavyofanya kwa chai ya maziwa. Chai yetu ya punje ndogo ina nguvu. Ikichemka sana inatoa uchungu unaokausha ulimi, na chai ikipoa uchungu huo unasikika zaidi.

Sukari itie chai ikiwa bado moto. Katika chai baridi haiyeyuki vizuri, inalala chini, na mtu wa mwisho ndiye anayekunywa sukari ya wote. Koroga, funika, weka mahali pa kivuli ipoe yenyewe. Ukiipoza haraka sana inaweza kuwa na ukungu ukungu kama maji ya mchele. Haijaharibika, ni vitu vya ndani ya chai vinavyoshikana kwa baridi. Ongeza maji kidogo ya moto na utaiona ikisafika.

Sasa tupige hesabu kidogo. Kijiko kikubwa kilichosawazishwa kina gramu 12 hivi za sukari. Vijiko 3 ni gramu 36. Litri 1 inatoa glasi 4 za mililita 250, basi kila glasi ina gramu 9. Sukre nyingi zina gramu 10 hivi za sukari katika kila mililita 100, maana yake glasi ile ile ya mililita 250 ina gramu 25. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata katika chakula cha siku, na ni vizuri zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni karibu gramu 25. Glasi moja ya sukre inamaliza kiasi hicho. Glasi yetu inachukua karibu theluthi yake tu, na kwa chai kipimo kiko mkononi mwa mama mwenyewe: wiki hii vijiko 3, wiki ijayo viwili na nusu, na watoto hawatagundua.

Ladha tano za sokoni kwetu

*Ndimu na tangawizi.* Ponda tangawizi ya ukubwa wa dole gumba, ichemshe katika maji dakika 10, ndipo utoe motoni na kutia majani ya chai. Juisi ya ndimu 2 itie mwishoni, chai ikisha poa, ili vitamini C isiharibike kwa moto. Waite watoto waangalie: tone la ndimu likiingia, chai nyeusi inageuka kuwa ya rangi ya asali. Ndiyo somo la asidi, bila maabara. Lakini tusidanganyane, ndimu haisafishi maji mabaya. Inatia ladha tu katika maji yaliyokwisha safishwa.

*Mchaichai.* Huu hauhitaji majani ya chai kabisa. Chukua majani 10 marefu, yaoshe, yafunge fundo, yachemshe dakika 10 katika litri 1. Hauna kafeini ile inayomfanya mtoto agaegae kitandani usiku, kwa hiyo ndio kinywaji cha watoto na cha jioni.

*Maganda ya nanasi.* Tunakula nyama ya nanasi na kutupa ladha yake jalalani. Sugua nanasi kwa brashi na maji safi kabla ya kulimenya. Maganda yake yachemshe katika litri 1 na nusu za maji pamoja na kipande cha tangawizi na mdalasini, dakika 20, kisha chuja. Unaweza kuyanywa hivyo hivyo, au kuyatumia badala ya maji matupu kutengenezea chai ya msingi. Yana utamu wake, basi punguza kijiko 1 cha sukari.

*Marakuja.* Matunda 4 yanatosha litri 1. Yaoshe kabla ya kukata, maana kisu hupitisha uchafu wa ganda mpaka ndani. Toa nyama, ipitishe kwenye chujio, na uichanganye na chai iliyokwisha poa. Kwa kuwa tunda hili halikupita motoni, chai yake inyweke siku hiyo hiyo.

*Maua ya ngai-ngai mekundu.* Mboga ya ngai-ngai tunaijua wote. Ule mmea wake wenye vikonyo vyekundu vinavyozunguka mbegu ndio watu wa Senegali wanaotengenezea kinywaji chao cha bisap. Nusu kikombe cha vikonyo vilivyokauka katika litri 1 ya maji yanayochemka, dakika 10, kisha chuja. Rangi yake inashinda rangi ya kiwandani, na ukali wake unataka sukari kidogo au mnanaa. Mwenye mimba amuulize muuguzi kabla ya kukitumia.

Kupoza bila frigo

Umeme wetu tunaujua: unakuja kama mgeni, bila kusema ataondoka saa ngapi. Lakini babu zetu walikunywa maji baridi kabla ya waya wowote kufika hapa. Walitumia mtungi wa udongo. Mtungi unatoa jasho: maji kidogo yanapita ukutani mwake, upepo unayakausha, na maji yanapokauka yanaondoka na joto. Ni jambo lile lile unalosikia kwenye ngozi ukitoka kuoga.

Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alichukua maarifa haya ya mtungi akayaongezea hatua moja, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Aliweka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, akajaza mchanga katikati, akaumwagia mchanga maji na kufunika kwa kitambaa kibichi. Mboga za wakulima zilikaa siku nyingi bila kuoza. Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa chupa zetu za chai. Weka vyungu mahali pa kivuli penye upepo, na mwagia mchanga maji asubuhi na mchana. Maji ya mchanga yanaweza kuwa ya ziwa, maana chupa imefungwa na hayaigusi chai. Ukiitoa, ipanguse vizuri kabla ya kufungua.

Asiye na vyungu avishe chupa soksi safi au kitambaa cha pamba, akilowanishe, na kuitundika kivulini upepo unapopita. Njia hizi zinafanya kazi vizuri zaidi kiangazi, hewa ikiwa kavu. Usitegemee baridi ya frigo. Tegemea ubaridi wa maji ya kisimani alfajiri, nao unatosha koo.

Chai iliyopikwa asubuhi bila frigo inywewe kabla ya kulala. Katika frigo inayofanya kazi kweli isipite siku 2. Ukiona utelezi, povu au harufu ya kuchacha, imwage bila kujadiliana. Sukari ya vijiko vitatu si kitu mbele ya tumbo la mtoto.

Nani anywe, nani asubiri

Mtoto wa chini ya miezi 6 anataka ziwa la mama tu. Hata maji hahitaji. Mtoto mdogo wa chini ya miaka 2 tusimpe chai nyeusi, ya moto wala baridi. Asali mtoto asipewe kabisa kabla ya kufikisha mwaka 1, hata tone moja la kutia utamu, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinachotengeneza sumu ndani ya tumbo lake, ambalo haliwezi kupambana nacho.

Kwa wakubwa, jambo ni saa. Chai nyeusi ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua chuma kilichomo katika maharagwe, sombe na lenga-lenga. Chuma ndicho kinachotengeneza damu. Mama mwenye mimba, msichana aliyeanza kupata siku zake, na mtoto anayekua ndio wanaohitaji damu zaidi, na ndio mara nyingi wanaokula mboga bila nyama. Basi waache saa 1 ipite baada ya chakula ndipo wanywe chai. Wakitaka kinywaji mezani, wapewe mchaichai wenye ndimu: ndimu inafanya kinyume, inasaidia mwili kukichukua kile chuma cha sombe.

Na hili tulisikie vizuri: chai baridi si serumu. Mtu akiharisha maji kama maji ya mchele, usimpe chai. Anza mara moja kumpa serumu ya ORS, ukiichanganya kwa maji salama kama ilivyoandikwa kwenye pakiti, na umpeleke kituo cha afya bila kungoja kesho.

Kama kikundi kinataka kuuza

Baadhi ya vikundi vya likelemba vimeanza kuzungumza juu ya kuuza chai baridi kwenye sherehe za shule na mechi za vijana. Ni wazo zuri, lakini tuhesabu kabla ya kupika. Sitaandika bei hapa, maana leo si jana. Chukua daftari na uandike mistari hii: majani, sukari, ndimu, makala, maji, sabuni, barafu ya nje, na usafiri wa bido mpaka uwanjani. Jumlisha. Kisha gawanya.

Litri 10 ni glasi 40 za mililita 250. Lakini gawanya kwa 36, si kwa 40, maana kuna ya kumwagika, ya kuonjesha, na ya mtoto wa jirani. Jibu ndilo gharama ya glasi moja. Chini yake ni hasara, na faida inaanza juu yake. Mama anayesahau makala na sabuni katika hesabu anarudi nyumbani na pesa mkononi, akidhani amepata, kumbe amekula mtaji wake.

Glasi ndizo zinazoharibu biashara hii. Glasi moja iliyosuuzwa katika beseni moja la maji siku nzima inapitisha mdomo wa kila mtu kwa kila mtu. Afadhali kila mteja aje na kikombe chake, au muwe na mabeseni mawili, la sabuni na la maji safi yaliyotiwa klori, na mmoja wenu asiwe na kazi nyingine ila hiyo. Anayeshika pesa asimimine. Na iliyobaki jioni mgawane mnywe, isilale kungoja wateja wa kesho.

Kazi ya nyumbani

Wiki hii kila mama apike litri 1 ya ladha moja kati ya hizi tano, aiwekee kipimo chake cha sukari, na kuandika alichotumia na saa ambazo chai ilikaa ikiwa bado nzuri. Kwenye kikao kijacho tulete chupa zilizofungwa na vikombe vyetu, tuonje, na tuchague ladha mbili za kikundi. Anayejua ladha nyingine ya kwao, ya mnanaa, ya majani ya mlimau au ya kitu ambacho mimi sijakitaja, aje nayo.

Na tuwafundishe watoto maswali mawili ya kuuliza kabla ya kupokea glasi baridi popote, kwa jirani, uwanjani au sokoni: maji haya yalichemka? Barafu hii ilitoka wapi? Mtoto anayeuliza hivyo hana adabu mbaya. Muuzaji akikosa jibu, mtoto ashukuru, arudishe glasi, na aje anywe nyumbani.